Kesi ya Kifuniko na Kura Yako Moja

Nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha uchapaji,
Mlango wa kijani.
Jumatano, tarehe 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za hospitali. Ninyi wauguzi mnawaambia watu wapumzike, nanyi wenyewe hampumziki. Hilo nimelisema miaka mingi na bado sijapata jibu la maana.

Huku sote wazima. Mama mzima, na bado anakataa kuvaa miwani, anasema dunia imechakaa, si macho yake. Wifi yako mzima, cherehani chake kipya kinalia tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu shule zinafunguliwa na kila mzazi amegundua jana kwamba mtoto amerefuka. Mimi mzima isipokuwa roho, na habari ya roho ndiyo hii inayofuata.

Umeniuliza kwa ujumbe wa maneno matatu: "Eti umemtetea Kifuniko?"

Kweli nimemtetea. Sijarogwa, sijalewa, wala sijapewa kitu na mtu. Ningekueleza kwa simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika hoja ya pili, na isitoshe kanuni zinataka maandishi. Utaona kwa nini.

Unaikumbuka timu uliyoiacha. Ilikuwa inafungwa tano kwa nne na tunarudi nyumbani tukiimba. Mwanzoni mwa msimu huu akaja kocha mpya, mtu mfupi, mwalimu wa hesabu mstaafu, mwenye sweta moja la kijivu ambalo sijui hufuliwa lini. Tulimwita Kifuniko kwa sababu kila kilichokuwa kinachemka kwenye timu yetu alikifunika. Kiberiti, yule winga wetu uliyekuwa ukimpigia vigelegele hadi sauti inakauka, alimweka benchi. Mabeki aliwakataza kuvuka katikati ya uwanja. Mpira ukifika mbele unarudishwa nyuma, ukifika nyuma unarudishwa kwa kipa, na kipa anautazama kama mtu anayetafakari urithi.

Matokeo ni haya. Mechi kumi, tumeshinda sita, zote moja bila. Sare tatu, zote bila bila. Tumefungwa moja. Tuko nafasi ya tatu kwenye ligi. Nafasi ya tatu, Dada. Mara ya mwisho tulipokuwa hapo wewe ulikuwa hujaolewa.

Na hakuna anayefurahi. Mchomeaji, yule mwenye karakana ya mageti, siku hizi anakuja uwanjani na gazeti na analimaliza lote, hadi matangazo ya vifo. Dakika ya themanini tunapata kona, beki mmoja mrefu anaupiga kichwa, goli, tunasimama, tunapiga makofi matatu kama watu wa mazishini, tunakaa.

Mimi nilimkataa Kifuniko tangu mechi ya kwanza. Nilipanda juu ya benchi la Kinyozi, palepale tawi letu la mashabiki linapokutania, nikasema mbele ya wote kwamba huyu mtu akivuka hukumu ya mechi ya kumi, mimi naacha ukatibu wa tawi. Kinyozi, ambaye kama ujuavyo ndiye mwenyekiti na ndiye mchokozi mkubwa kuliko wote, akaagiza kiapo hicho kiingizwe kwenye muhtasari. Na anayeandika muhtasari ni mimi. Nilikiandika kwa mkono wangu, kwa hati nzuri, nikapigia mstari.

Unajua ukatibu ule ni nini kwangu. Siku sita kwa wiki kiwandani nasahihisha maneno ya watu wengine: kadi za harusi, vitabu vya dini, kalenda za viwanda vya saruji. Hakuna anayeniuliza naonaje. Jumapili peke yake ndiyo siku maneno yanakuwa yangu. Miaka kumi na tisa nimeandika barua kwa uongozi wa klabu, na barua zangu zimewang'oa makocha wanne. Safari hii uongozi ukajibu kabla sijaandika. Walisema wamechoka kutukanwa kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo sisi tawi kongwe tuamue wenyewe: tukisema abaki atapewa mkataba mpya, tukisema aende ataondoka mwisho wa mwezi.

Basi ikaitishwa mahakama. Kanuni unazijua, nyingi ulizitunga wewe ukiwa bado hapa, lakini kanuni ya saba inanilazimu kuzirudia kwa mwanachama aliye mbali. Kocha mpya akifikisha mechi kumi anashtakiwa. Namba za wanachama zinatiwa kwenye kopo la poda la Kinyozi, inatolewa ya mshtaki, kisha ya mtetezi. Aliyetolewa hakatai, hata kama moyo wake uko upande mwingine. Anapewa wiki moja kujiandaa. Baada ya kesi wote wanapiga kura kwa kuinua mkono, mshtaki na mtetezi wakiwa wa mwisho, na hapo kila mmoja wao yuko huru kufuata anachoamini.

Kinyozi akatia mkono akatoa namba ya mshtaki. Ya wifi yako. Akatia tena akatoa ya mtetezi. Yangu.

Walicheka, Dada, hadi mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akasahau upande wa pili. Maana kila mtu anajua kwamba katika tawi zima mwanamke mmoja tu ndiye anayempenda Kifuniko bila aibu, na ndiye huyo. Yeye husema timu sasa inacheza kama anavyokunja pindo la sketi, kwa ndani, mtu asione. Na kila mtu anajua mimi namwonaje.

Tukarudi nyumbani. Jioni akaniambia hana neno baya hata moja la kusema juu ya yule baba, atasimama mbele za watu afanye nini? Nikamwonea huruma. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mimi tu ningeweza kulifanya. Mashtaka yangu nilikuwa nimeshayaandika zamani, tangu mechi ya nne, kurasa kumi na moja. Nikampa zote. Sikutaka mtu aseme nilimshinda mpinzani asiye na silaha. Nilitaka vita vya haki, nikampa bunduki yangu mwenyewe, na risasi, na nikamwonyesha anavyopaswa kulenga.

Yeye naye, bila kuombwa, akawa ananitajia mambo mazuri ya Kifuniko huku anakata kola. Mimi naandika, yeye anakata. Wiki nzima tulikula mezani huku kila mmoja akiusaidia upande asioutaka.

Jumapili saa nane mchana ukumbi ulijaa. Namaanisha kibanda cha Kinyozi kilijaa, lakini siku ya kesi huwa tunauita ukumbi. Tulikuwa ishirini. Mchomeaji hakungoja hata nikae.

"Katibu, leo unauza nini? Maana wiki iliyopita ulikuwa unauza kinyume chake."

Nikamjibu kwamba mtu aliyezoea kusoma gazeti kwenye mechi asubiri kurasa za michezo zifike. Lilikuwa jibu dogo, nakiri, lakini lilinipa pumzi.

Wifi yako akasimama na kurasa zangu. Dada, alizisoma kama anavyosoma vipimo vya mteja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hakupandisha sauti mahali popote. Maneno yaliyokuwa yanawaka mezani kwangu yalitoka kinywani mwake yamevuliwa nguo. Nilimsikia akisema "msaliti wa mpira" kwa sauti ileile anayosemea "kola ya duara", nikajikuta najiuliza, kamsaliti nani? Alifika ukurasa wa tano nilipoandika kwamba timu hii ni jeneza linalotembea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba jeneza halitembei, na kwamba lingetembea lingekuwa jambo la kusisimua sana.

Lakini lazima niwe mkweli: watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Kwa sababu alisoma kwa upole, walimwamini. Mimi hupiga kelele, nao hufurahia kelele. Yeye aliwafanya wafikiri.

Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimeshajua kila ufa ulipo, kwa kuwa nyumba niliijenga mwenyewe.

"Mwandishi wa maneno haya," nikaanza, "anadai Kiberiti ndiye moyo wa timu. Mwandishi huyo anakosea."

"Mwandishi ni nani?" akauliza Kinyozi, akijua.

"Ni mimi."

"Endelea."

Nikaendelea. Nikawakumbusha kwamba Kiberiti misimu mitatu kafunga magoli manne, mawili kati yake tukiwa tumeshafungwa matano. Nikasema mwandishi anaita woga kuurudisha mpira kwa kipa, lakini mechi ya saba mpira ulioanzia kwa kipa ndio uliotupa kona, na kona ndiyo iliyotupa goli, na mwandishi siku hiyo alisimama akashangilia, nina mashahidi. Nikasema mwandishi anamlaumu kocha kwa kutoongea na mashabiki, kwamba husema tu "Tumefanya kazi" na kupanda gari lake. Nikauliza, makocha wanne waliopita walioongea sana walituambia nini cha maana? Nilijipiga, Dada, kushoto na kulia. Hakuna aliyepata kunishinda kwa hoja kwenye tawi lile isipokuwa mimi mwenyewe, tarehe tisa Machi, kati ya saa tisa na saa kumi.

Hapa niliandika mstari kuhusu umahiri wa hotuba yangu. Kanuni inasema maelezo haya yasomwe na pande zote mbili kabla ya kufungwa, kwa hiyo wifi yako amesoma na ameukata mstari huo. Ameniambia pia niongeze jambo nililolisahau: kwamba tulipokuwa tunafungwa jukwaa letu lilijaa hadi ngazini, na sasa tukishinda lina nafasi za kujinyoosha na kulala. Ni kweli. Nililisahau kwa makusudi.

Mwisho nikasema jambo ambalo sikuwa nimeliandika popote. Lilinitoka tu.

"Ndugu zangu, miaka kumi na tisa hatukuwa tunapenda mpira. Tulikuwa tunapenda kuonewa. Refa katuonea, mvua imetuonea, nyasi zimetuonea, na mimi ndiye niliyekuwa napika huo uonevu na kuwagawia kila Jumapili. Huyu mtu ametunyang'anya kisingizio, ndiyo maana tunamchukia. Mimi namchukia kuliko ninyi nyote, kwa sababu tangu aje sina cha kuandika."

Hata redio ya duka la jirani niliisikia. Nimesoma hotuba nyingi za watu walioangusha serikali, nikadhani huu ndio ule ukimya unaoelezwa vitabuni.

Kisha Mchomeaji akasema, safari hii bila utani, "Sawa, Katibu, nimekuelewa. Lakini tukishinda kila Jumamosi, wiki nzima tutaongea nini?"

Kwa haki ya upande wa pili lazima niandike kwamba sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Ukilipata wewe huko, niandikie, maana nadhani kesi yote ilikuwa hapo. Mtu kafunga karakana yake, kaja na mwili umechoka, hataki nafasi ya tatu, anataka kitu cha kubishania. Na mimi ni nani wa kumwambia anakosea?

Wakapiga kura. Wanachama kumi na wanane: tisa abaki, tisa aende. Kinyozi akahesabu mara mbili, kisha akamgeukia wifi yako, ambaye sote tulijua atasema nini. Alinitazama kidogo. Akainua mkono upande wa kuondoka.

Ukumbi ukaguna. Nilidhani hajaelewa swali. Kinyozi akamuuliza mara ya pili na mkono ukabaki juu. Akasema tu kwamba zile kurasa kumi na moja zimeandikwa vizuri, zimemshawishi. Fikiria, Dada. Miaka yote hii nimetafuta msomaji mmoja wa kuniamini kabisa, nikampata siku niliyoacha kujiamini.

Ikabaki kura yangu. Kinyozi akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza nywele zikatwe kiasi gani, kama nakumbuka kiapo. Nikasema nakumbuka, nilikiandika mwenyewe. Mkono wangu ungebaki chini, Kifuniko angeondoka na ukatibu ungebaki. Lakini kila kocha niliyemng'oa nilimng'oa nikiamini nilichoandika, hata nilipokosea. Sikuweza kuanza uongo nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Nikainua mkono. Abaki.

Kumi kwa kumi.

Na hapo ndipo unapoingia wewe, mwanachama namba tatu, ambaye hujafutwa kwenye daftari. Kanuni ya sita, kwa maneno yako mwenyewe: kura zikilingana, mwanachama aliye mbali atapelekewa maelezo ya haki yasiyomwelekeza, naye atarudisha neno moja kwa mkono wake. Hatupokei kwa simu tangu yule fundi bomba alipopiga kura kwa simu halafu akaikana. Ndani ya bahasha nimetia kurasa kumi na moja za mashtaka na kurasa mbili nilizokumbuka za utetezi. Andika "abaki" au "aende", tia sahihi, tuma. Bahasha yako itafunguliwa na Kinyozi mbele ya wote Jumapili tarehe thelathini.

Sikuelekezi. Unajua kutokuelekeza mtu kunavyoniumiza. Nimetafuna kofia ya kalamu mpaka imekwisha.

Maelezo ya kesi yameishia hapo, na wifi yako ameyapitisha. Ukurasa huu ni wa ndugu kwa ndugu, si sehemu ya shauri, kwa hiyo kwa tafsiri yangu ya kanuni haupaswi kupita kwake. Kama unaona tafsiri hiyo ni ya hila, unaweza kunishtaki.

Jumatatu jioni nilikuwa natafuta kifungo cha shati kwenye droo ya cherehani. Nikakuta picha ya Kifuniko, ile iliyotoka gazetini baada ya mechi ya tisa, kaikata vizuri kwa mkasi wake wa kazi na kuishonea nailoni pembeni isichakae. Jumapili kamfukuza mtu, Jumatatu picha yake iko droo ileile, juu ya vifungo, haijahamishwa hata kidogo.

Nikaiweka mbele yake. Sikusema kitu, nawe unajua ni mara ngapi jambo hilo limetokea maishani mwangu. Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Na wewe Jumapili ungekaa wapi?"

Basi. Akaniomba nimpe chaki.

Dada, nimebishana na wakurugenzi, na mapadri, na mashehe, na mtu mmoja aliyekuwa na digrii tatu. Sijapata kukosa neno kama nilivyokosa pale na chaki mkononi. Mwanamke yule alisimama mbele ya watu kumi na tisa akamkana mtu anayemwamini, akavumilia waseme hana msimamo, ili mimi nisipoteze kiti cha mbao na daftari. Na mimi wakati huohuo nilikuwa najiona shujaa kwa kuupoteza. Hata kutoa kafara tumeshindwa kupangana.

Sijamwambia kwamba nimeelewa. Nadhani anajua.

Kwa hiyo nina ombi moja, na si la kura. Nakujua. Ulinibeba mgongoni hadi uwanjani nilipovunjika mguu, na ukisoma barua hii utanifikiria mimi kwanza, na kalamu itaanza kuelekea "aende" yenyewe. Izuie. Usinifikirie mimi. Fikiria mechi kumi, fikiria jukwaa lenye nafasi za kulala, fikiria mwalimu wa hesabu na sweta lake anayesubiri mwisho wa mwezi, mjibu na Mchomeaji ukiweza. Halafu andika neno lolote utakaloliamini. Kura moja ya huruma inaitosha nyumba yetu, na imeshapigwa.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie bado nasubiri majibu ya barua yangu kuhusu siasa za nchi yake, na kwamba ukimya si hoja. Wabusu wapwa zangu wote wawili, mkubwa umwambie mjomba amesoma insha yake na amesahihisha makosa saba tu. Mama anakusalimu sana, wifi yako anakusalimu na anauliza kipimo cha kiuno kama bado ni kilekile au tuongeze.

Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe goti jipya kama hawezi kulitengeneza la zamani, na akurudishe kwetu ukiwa na sauti yako yote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukipinga kila kitu,

Katibu (mpaka tarehe thelathini)